Nakala Mama ni ya Nani? Kisa cha gazeti moja na maktaba tatu za Dar es Salaam

Maktaba tatu za Dar es Salaam zinalo gazeti moja la Kiswahili, na hakuna hata moja yenye gazeti zima. Ni gazeti la kila wiki, lililopigwa chapa jijini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka michache baada ya uhuru, mwenye mtambo alipoona halimlipi akalifunga. Maktaba ya chuo inayo matoleo ya mwanzo, yamejalidiwa vizuri kwa maandishi ya dhahabu mgongoni. Maktaba ya umma inayo ya katikati, ila kurasa nyingi zimekatwa kwa wembe na wasomaji waliotaka picha. Ya tatu ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya jumuiya ya dini huko Magomeni. Ipo miezi kadhaa ambayo maktaba zote tatu zinayo, lakini humo tu ndimo yalimo matoleo ya miaka miwili ya mwisho, ambayo kwingine kote hayapo, yamefungwa mafungu kwa kamba ya katani na kupangwa juu ya kabati.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo msomaji asihangaike kukisia ni maktaba zipi. Vikwazo vyake ndivyo si vya kutunga. Mkutubi yeyote aliyewahi kushika magazeti ya zamani atavitambua.

Hali yenyewe ni hii: mfadhili wa nje amejitolea kulipia gazeti lote lipigwe kwenye mikrofilamu, yaani utepe wa filamu wenye picha ndogo sana za kurasa, kwa sharti kwamba maktaba tatu zikubaliane kwanza. Watu wakisikia mikrofilamu huwaza kamera. Kwa maoni yangu kamera ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Mradi wa namna hii unasimama au unaanguka kwa mambo mawili ambayo hayana mtambo wowote ndani yake: orodha ya toleo kwa toleo, na karatasi inayosema nakala mama, yaani filamu ya kwanza itokayo kwenye kamera, ni mali ya nani.

Gazeti lenyewe

Magazeti ya serikali ya zama zile hayana shida kubwa. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilikuwa na ofisi nyuma yake, na ofisi huweka mafaili. Magazeti ya watu binafsi hayakuwa na bahati hiyo. Yalisomwa barazani, yakapitishwa nyumba kwa nyumba, na Jumatatu yakafungiwa karanga.

Gazeti letu lina ukurasa wa mashairi ambamo malenga wa Tanga anamjibu mwenzake wa Kilwa wiki baada ya wiki, kila mmoja akidai vina vya mwenziwe vimechechemea. Lina barua za wasomaji wa Magomeni wanaolalamikia maji. Lina matokeo ya Yanga na Sunderland, maana Sunderland haikuitwa Simba hadi mwaka 1971. Lina matangazo ya baiskeli, bei ya mchele, na jina la bendi itakayopiga Ukumbi wa Arnautoglo Jumamosi. Faili la serikali halitakwambia bendi hiyo ilikuwa ipi.

Na karatasi yake inakufa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa huigeuza karatasi kuwa ya manjano, na asidi iliyomo huendelea kukata nyuzi zake hata kama hakuna mtu anayeigusa. Joto na unyevu huharakisha mambo, na Dar inavyo vyote viwili karibu mwaka mzima. Pale Magomeni, ukilegeza kamba ya fungu moja, vipande vya pembeni hudondoka mezani kama maganda ya kitunguu.

Waliotangulia

Wazo la maktaba kuchanga ili kuokoa kile ambacho hakuna moja ingekimudu peke yake lina umri unaokaribiana na wa gazeti letu. Mwaka 1962 maktaba za Uingereza zenye makusanyo ya Afrika ziliunda umoja ulioitwa SCOLMA, zikagawana maeneo ya kununulia machapisho. Mwaka uliofuata ukaanza CAMP, mradi wa ushirika wa kupiga mikrofilamu machapisho ya Afrika, mjini Chicago, chini ya Center for Research Libraries, chombo ambacho vyuo vya Marekani vilikuwa vimekianzisha tangu 1949. Wanachama wa CAMP hutoa ada, huamua pamoja kipi kipigwe filamu, kisha huazimana rili, yaani mizingo ya filamu. Mwaka 1966 Maktaba ya Congress ya Marekani ilifungua ofisi Nairobi ya kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki, ya Tanzania yakiwemo. Miaka hiyohiyo ya 1960 rekodi za utawala wa kikoloni wa Kenya zilipigwa mikrofilamu kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Syracuse, na tangu hapo mwanafunzi wa jimbo la New York ameweza kusoma taarifa za wilaya za Kenya bila kupanda ndege.

Kazi hizo zimeokoa mengi, nami sina sababu ya kuzibeza. Lakini matokeo yake yanajulikana: mtafiti wa Dar anayetaka gazeti la Dar wakati mwingine anajikuta akiandika barua pepe kwenda ng'ambo.

Dar nayo si jangwa. Rekodi za utawala wa Kijerumani zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa ziliingizwa mwaka 1997 kwenye rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya maktaba ya chuo kikuu kule Mlimani inafahamika duniani, na sababu kubwa ni kwamba J. W. T. Allen aliiorodhesha, na orodha ikachapwa mwaka 1970. Naomba jambo hili la orodha likumbukwe.

Mwalimu anakataa

Rasimu ya kwanza ya makubaliano ilikuwa fupi. Magazeti yatapigwa filamu Dar, nakala mama itahifadhiwa kwa mfadhili, kila maktaba itapewa seti moja ya rili. Chuo kilikubali siku hiyohiyo. Maktaba ya umma iliomba muda iwasiliane na wakubwa. Magomeni palikataa.

Mtunzaji wa chumba kile ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Chuo kilimtuma mkutubi wake kijana aende kumbembeleza.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa, ila usiiegemee hiyo meza, mguu wake mmoja mgonjwa.”

Kijana alieleza yote: karatasi inavyokwisha, filamu inavyodumu, mfadhili anavyolipa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

“Mtaniletea rili. Hiyo rili nitaisomea nini?”

“Pale chuoni ipo mashine ya kusomea, Mwalimu.”

“Kwa hiyo magazeti yapo hapa, mimi nipo hapa, halafu nipande daladala mbili hadi chuoni, niandike barua ya kuomba kibali, ndipo niyasome?”

Kijana hakuwa na jibu. Aliporudi, katika kumbukumbu za kikao pakaandikwa kwamba mtunzaji wa Magomeni “anahitaji kuelimishwa”. Sentensi hiyo ndiyo iliyokaribia kuua mradi. Mwalimu hakupungukiwa elimu. Alikuwa ameona kasoro ambayo wataalamu waliipita: rili mikononi mwa maktaba isiyo na mashine ni utepe wa plastiki ndani ya boksi.

Ili kuielewa kasoro hiyo, inafaa kujua mikrofilamu huzaliwa vizazi vitatu. Cha kwanza ni nakala mama, ile filamu iliyopita ndani ya kamera. Hii haisomwi na mtu. Hutolewa stoo mara moja tu kuzaa cha pili, nakala ya kunakilia, kisha hurudishwa. Nakala ya kunakilia ndiyo huzaa kizazi cha tatu, rili za wasomaji, ambazo hukwaruzwa, hukatika, na hubadilishwa bila kilio. Mfadhili alikuwa anazigawia maktaba kizazi cha tatu na kubaki na viwili vya juu. Mwenye viwili vya juu ndiye anayeamua nani auziwe nakala, kwa bei gani, na kama filamu itaskaniwa na kuwekwa kwenye kanzidata ya kulipia. Hilo si jambo la kufikirika. Center for Research Libraries imeshirikiana na kampuni ya Readex kutengeneza kanzidata ya magazeti ya dunia, ya Afrika yakiwemo, na anayeisoma ni yule ambaye taasisi yake imeinunua. Kuskani kuna gharama, na lazima mtu alipe. Suala ni kama wenye karatasi walikuwapo mezani bei ilipopangwa.

Meza ya kuorodhesha

Mradi ulifufuka kwa njia ambayo haikupangwa. Wakati mabishano yakiendelea, mkutubi wa chuo aliomba ruhusa ya kuorodhesha tu, bila kuhamisha chochote. Mwalimu akakubali, kwa sharti kwamba aorodheshe palepale chumbani, naye akiwepo.

Orodha ya namna hii haina ufundi wa ajabu. Tarehe, namba ya toleo, idadi ya kurasa, kurasa zilizopungua, hali ya karatasi. Lakini gazeti lililopangwa kwa mkono, herufi kwa herufi, na mpangaji aliyechoka, lina hila zake. Toleo la 214 limetoka mara mbili, kwa tarehe mbili tofauti, na la 215 halikuwahi kuwepo. Mwaka mmoja wa chuo umeandikwa “kamili” kwenye kadi, kumbe Novemba yote haipo, na aliyejalidi amefunga Oktoba na Desemba pamoja bila hata ukurasa mweupe katikati. Kuna nyongeza ya kurasa nne ya Desemba 1961, ya sherehe za uhuru, ambayo haina namba kabisa. Kama kamera ingeanza kabla ya meza hii, makosa yote hayo yangeganda kwenye filamu, na mtafiti wa baadaye angeamini gazeti lilichukua likizo mwezi mzima.

Jambo la pili ambalo meza ililifichua liliwaumiza watu wa chuo. Yale majuzuu yao mazuri yalikuwa yamepunguzwa kingo na mjalidi ili yalingane, na kisu kikapita kwenye mistari ya mwisho ya safu ya chini. Pia yameshonwa kwa kubana mno, hata maneno ya karibu na mshono hayasomeki bila kuvunja mgongo wa kitabu. Kwa miezi ambayo maktaba zote tatu zilikuwa nayo, nakala iliyofaa kupigwa filamu ilikuwa ya Magomeni, ile ya kamba ya katani. Imechakaa, ndiyo, lakini haijakatwa. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika sauti.

Kisha habari zikaenea mtaani, na akajitokeza mzee mmoja wa Kariakoo ambaye baba yake alikuwa wakala wa gazeti hilo. Alikuwa na matoleo kadhaa ya Novemba ile iliyopotea. Chuo kikaomba kuyaazima. “Magazeti ya baba hayalali nje,” akajibu, na hakuna barua wala mhuri uliomtikisa. Suluhisho lilikuwa kumpangia siku yake: akaja asubuhi na magazeti yake ndani ya mfuko wa rambo, akakaa karibu na kamera na chai yake, kwa umbali ambao fundi aliusisitiza, yakapigwa, akaondoka nayo jioni. Mpango wa kazi ukasogea. Hainisumbui. Ushirikiano wa maktaba ukiandikwa kana kwamba vitu adimu viko maktabani tu, hautapata vitu adimu.

Filamu gani, na kwa nini filamu

Vijana waliuliza swali ambalo msomaji naye analo: kwa nini msiskani moja kwa moja mkamalizana?

Mikrofilamu ni teknolojia kongwe. Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870 na 1871, ujumbe ulipunguzwa kwenye filamu ndogo ukaingizwa mjini kwa njiwa. Ukongwe huo ndio sifa yake. Filamu inahitaji lenzi na mwanga ili isomeke, basi. Faili la kompyuta linahitaji diski iliyo hai, programu inayolifahamu, na mtu wa kulihamisha kila baada ya miaka michache, yaani linahitaji bajeti isiyokatika. Viwango vya kimataifa hukadiria kwamba filamu ya madini ya fedha kwenye utepe wa polyesta, aina ya plastiki imara, ikisafishwa kemikali ipasavyo na kutunzwa mahali pakavu penye ubaridi, inaweza kudumu miaka 500.

Maneno mazito hapo ni “pakavu penye ubaridi”. Chuo kilikuwa na somo lake kabatini. Kilikuwa na rili za zamani za gazeti jingine, zilizonunuliwa wakati utepe ulikuwa bado wa asetati, plastiki ya zamani. Fundi alipofungua mkebe mmoja, wote mezani waligeuza nyuso: siki tupu. Asetati ikipata joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo huchochea kuoza zaidi, na mvuke wake huambukiza mikebe ya jirani. Utepe ulikuwa umesinyaa na kujikunja, na safu ya picha imeanza kubanduka. Kwa sauti ya chini fundi akasema hiyo haina dawa. Inatengwa, inapozwa, na kama bado inalala bapa inanakiliwa haraka.

Kwa hiyo uamuzi wa kiufundi haukuwa mgumu: filamu ya fedha ya milimita 35, utepe wa polyesta, vipimo vya kemikali iliyobaki baada ya kusafisha, kipimo cha ukali wa picha mwanzoni mwa kila rili, na bango lenye maandishi “Toleo hili halikupatikana” kila penye pengo. Kurasa zilizochanika ziliungwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu ilipigwa marufuku. Baada ya filamu, skani zikatolewa kwenye filamu yenyewe, jambo ambalo ni la haraka kuliko kuigusa karatasi mara ya pili. Hapo Mwalimu akapata alichokuwa anakidai: kompyuta moja Magomeni yenye gazeti zima ndani yake na orodha iliyochapwa pembeni. Rili zake aliziacha chuoni kwenye mashine, kwa hiari yake.

Nikiri kwamba filamu ina hasara. Rangi haishiki, na kichwa cha gazeti kilichochapwa kijani kwenye matoleo ya sikukuu sasa ni kijivu. Maabara za kusafishia zinapungua mwaka hadi mwaka. Na kama maktaba haina hakika ya chumba cha baridi, wala mshirika mwenye nacho, ningeishauri iskani vizuri, iweke nakala sehemu tatu, iachane na filamu.

Karatasi ya makubaliano

Nakala mama ikae wapi? Wengi walitaka ibaki Dar, kwa moyo wa uzalendo, na moyo huo naufahamu. Lakini kiyoyozi kinachozimika umeme ukikatika si hifadhi, ni mahali pa filamu kupashwa joto na kupoozwa kwa zamu. Maoni yangu ni kwamba nakala mama ya gazeti la Dar ni afadhali ikae ugenini ikiwa hai kuliko ikae nyumbani ikiwa siki, mradi karatasi iseme wazi ni ya nani.

Walichoandika mwishowe ni hiki. Nakala mama inahifadhiwa kwa mfadhili, lakini ni mali ya maktaba tatu kwa pamoja, na mfadhili ni mtunzaji tu. Nakala ya kunakilia inakaa Dar. Hakuna nakala wala skani itakayouzwa au kuingizwa kwenye kanzidata ya kulipia bila saini tatu, na ikikubaliwa, msomaji yeyote aliyeko Tanzania anaisoma bure. Pengo likijazwa baadaye, rili ya nyongeza itapigwa. Mzee wa Kariakoo anatajwa kwenye orodha kama chanzo, akitaka.

Haki miliki ilichukua kikao kizima na haikuisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwenye gazeti alishafariki, na warithi wake walipatikana wakakubali. Wale malenga je? Kila shairi lina mwenyewe, na wengine waliandika kwa majina ya kupanga. Wakaamua ukurasa wa mashairi usomeke ndani ya maktaba tatu tu hadi hapo watakapopata ushauri wa mwanasheria. Naona walijibana kupita kiasi, lakini ni kosa la upande salama.

Kilichobaki bila jibu ni umeme na mshahara. Mfadhili alilipia kupiga filamu, kuskani na miaka mitano ya utunzaji. Mwaka wa sita haumo kwenye makubaliano, na maktaba ya umma ndiyo iliyouliza kwa maandishi nani ataulipia. Barua hiyo bado haijajibiwa.

Mwalimu alitia saini wa mwisho, baada ya kuongeza kifungu kwa kalamu yake: karatasi zenyewe, zikishapigwa filamu, zisitupwe na maktaba yoyote. Mtu wa chuo alitaka kupinga, kwa sababu ya nafasi kwenye rafu. Akaonyeshwa safu za chini za majuzuu yake mwenyewe, zilizokatwa, akaacha. Maboksi yasiyo na asidi yaliagizwa kwa ajili ya maktaba zote tatu, na ya Magomeni yaliwekwa ya kwanza kwenye orodha ya manunuzi.